Viti Vitatu

Seneti ya kwanza ya Kenya ilitengewa viti 41. Uchaguzi wa Mei 1963 ulipokwisha, 38 vilikuwa vimepata wenyewe: KANU 18, KADU 16, chama cha APP cha Paul Ngei viwili, na wagombea huru wawili. Vitatu vikabaki vitupu. Baraza la Wawakilishi nalo lilikuwa na pengo: majimbo 117, waliochaguliwa 112. Mapengo hayo yote yalitoka upande mmoja wa nchi, Mkoa wa Kaskazini Mashariki, yaani Garissa, Wajir na Mandera. Mvua haikuwa imekata barabara, wala masanduku hayakuwa yamechelewa. Watu walikataa kupiga kura.

Desemba 2017, Bunge la Kenya lilichagua wajumbe tisa wa kwenda Arusha kukaa miaka mitano katika Bunge la Afrika Mashariki. Watatu kati yao walitoka katika eneo lile lile: Abdikadir Omar Aden, aliyekuwa mbunge wa Balambala, kaunti ya Garissa, Fatuma Ibrahim Ali, aliyekuwa mwakilishi wa wanawake wa Wajir, na Adan Mohamed Nooru, aliyekuwa mbunge wa Mandera Kaskazini. Kila kaunti ikapata mmoja. Mkoa ulioacha viti vitatu vitupu Nairobi mwaka 1963 ulijaza theluthi nzima ya safu ya Kenya kwenye bunge la mataifa sita. Sikumbuki gazeti lililoliona jambo hilo. Magazeti yalikuwa yanashughulika na mtoto wa nani na kaka ya nani wamo kwenye orodha.

Nitaisimulia safari hiyo nikiwa nimeegemea Bura, na kwanza tuelewane ni Bura ipi, maana Kenya ina zaidi ya moja. Iko ya Taita, chini ya vilima, ya wamisheni. Iko ya Tana River, ukingo wa magharibi wa mto, ambako serikali na Benki ya Dunia walizika fedha nyingi kwenye mradi wa kunyunyizia pamba maji. Yetu ni ya ukingo wa mashariki, kusini mwa mji wa Garissa, makao makuu ya Fafi, eneobunge linaloanzia kwenye maji ya Tana na kuishia kwenye mpaka wa Somalia, na ndani yake imo kambi ya wakimbizi ya Hagadera. Hata ukingo wenyewe una maneno. Mkoloni alikata ukanda wa maili tatu mashariki ya mto akauhesabu upande wa Pwani, na mpaka leo Garissa na Tana River hawajakubaliana mstari unapita wapi. Mtu wa Bura basi ana mpaka mbele na mpaka nyuma, na kati ya yote miwili ana ngamia wasiojua kusoma ramani.

Mpaka wa mbele ulisogezwa mwaka 1925. Kabla ya hapo Jubaland, pamoja na bandari ya Kismayu, ilikuwa chini ya Mwingereza, sawa na nchi ya Garissa. Mwingereza akaikabidhi kwa Mwitaliano kama tuzo ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na mfugaji aliyezoea kufuata mvua kutoka Tana hadi Juba akaambiwa kwamba njiani sasa kuna nchi mbili. Mwaka uliofuata kaskazini ilitangazwa wilaya iliyofungwa. Aliyetaka kuingia alihitaji kibali, na aliyetaka kutoka alihitaji pasi. Sheria ya mwaka 1934 ikaongeza makali juu ya hayo, ikimpa ofisa wa wilaya uwezo wa kuadhibu ukoo mzima kwa kosa la mmoja. Ukimfungia mtu nje ya nchi kwa miaka thelathini na zaidi, usishangae siku ukimwuliza kama ni yake naye akakujibu kwamba si yake.

Na kweli aliulizwa. Katika mkutano wa katiba wa Lancaster House, London, mwanzoni mwa 1962, ujumbe wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ambayo wote waliiita NFD, ulifika na ombi moja. Abdirashid Khalif alikuwa miongoni mwa waliolisemea: watu wa NFD waachwe wajiunge na Jamhuri ya Somalia, iliyokuwa na umri usiofika miaka miwili. Waziri wa Makoloni, Reginald Maudling, hakukubali wala hakukataa. Alifanya kama serikali zote zinavyofanya zikibanwa, akaunda tume.

Makamishna walikuwa wawili, na wote walitoka mbali: G.C.M. Onyiuke, mwanasheria wa Nigeria, na Meja Jenerali M.P. Bogert wa Kanada. Kabla ya mwaka 1962 kwisha walizunguka NFD wakifanya mabaraza. Hapakuwa na karatasi ya kura wala sanduku. Palikuwa na umati chini ya jua, wazee mbele, mkalimani katikati na maswali. Wengine wataniambia hiyo si kura. Lakini ripoti yao ya Desemba 1962 ilisomeka kama matokeo: Wasomali, na wengi wa Waislamu wenzao katika eneo hilo, walitaka kujitenga na Kenya na kuungana na Somalia, na walilitaka jambo hilo karibu kwa kauli moja. Kwa upande wa Garissa, Wajir na Mandera hesabu haikuwa na utata.

Tarehe 8 Machi 1963 Duncan Sandys, aliyekuwa amerithi kiti cha Maudling, alitoa jibu. NFD haitakwenda Somalia. Badala yake sehemu ya Wasomali itakuwa mkoa wa saba wa Kenya, wenye baraza lake la mkoa na maseneta wake watatu. Mogadishu ikavunja uhusiano na London mwezi huo huo. Na wenyeji? Walikuwa wameulizwa, wamejibu, jibu limeandikwa na kuchapishwa, kisha likawekwa kabatini. Miezi miwili baadaye walipoitwa kupiga kura, wakaona hawana haja ya kusema mara ya pili. Ndivyo viti vitatu vilivyobaki vitupu.

Wakati vingali vitupu, tarehe 5 Juni 1963, Kenyatta, Nyerere na Obote walitangaza Nairobi kwamba nchi zao zitaungana kuwa shirikisho moja kabla ya mwaka kwisha. Kwa hiyo juma ambalo viongozi wa Afrika Mashariki walikuwa wakisema mipaka ya mkoloni haina maana, mtu wa Bura alikuwa akiambiwa kwamba mpaka wa Somalia, pale Liboi, haugusiki. Shirikisho halikuja. Kilichokuja, kabla mwezi wa uhuru haujaisha, ni hali ya hatari katika mkoa wa saba. Ilidumu mpaka 1991.

Vita vya shifta, vya waliotaka kujitenga na Kenya, sitavisimulia hapa kwa urefu. Vina vitabu vyake, na vina wajane ambao hawajaandikwa kitabu chochote. Itoshe kusema kuwa kuanzia 1966 wafugaji walikusanywa kwenye vijiji vilivyolindwa na askari, mifugo ikafa kwa kukosa malisho, na neno shifta likawa jina la kila kijana wa Kisomali aliyekutwa porini. Kilichovimaliza, au tuseme kilichovipoza, ni mkutano uliofanywa Arusha tarehe 28 Oktoba 1967. Rais Kenneth Kaunda wa Zambia aliwakutanisha Jomo Kenyatta na waziri mkuu mpya wa Somalia, Mohamed Haji Ibrahim Egal. Wakatia saini hati ya maelewano: mapigano yakome, uhusiano urudi, propaganda za redioni zipungue.

Mji ule ule, wiki tano baadaye, tarehe 1 Desemba 1967, ulipokea makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoundwa kwa mkataba wa Kampala wa Juni mwaka huo. Jumuiya hiyo ilikuwa na bunge, na kila nchi ilitoa wajumbe tisa. Egal alilitazama jengo hilo akaona mlango. Kama Wasomali hawawezi kukutana kwa kuhamisha mpaka, basi labda wanaweza kukutana kwa kuingiza Somalia yote ndani ya nyumba ambamo Kenya imo. Somalia ikaomba uanachama, pamoja na Zambia na Ethiopia. Oktoba 1969 Rais Sharmarke aliuawa, siku sita baadaye Siad Barre na wanajeshi wenzake wakachukua nchi, na wazo hilo la Egal likaenda naye gerezani. Mwaka 1977 Jumuiya yenyewe ikavunjika.

Miaka iliyofuata ndiyo iliyowafanya watu wa kaskazini, mtu akipanda basi la Nairobi, waseme anakwenda Kenya. Novemba 1980 mtaa wa Bulla Kartasi mjini Garissa ulichomwa na askari, watu wakauawa. Februari 1984 ikawa zamu ya Wajir, katika uwanja wa ndege wa Wagalla. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya pekee walipangwa foleni kuchujwa na kupewa kadi ya pili ya kuthibitisha kwamba ni Wakenya, juu ya kipande walichokuwa nacho tayari. Katika miaka hiyo mtu wa Bura angecheka kama ungemwambia kwamba siku moja Msomali wa Kenya ataketi kwenye kiti cha Spika, mbele yake wajumbe wa nchi tano.

Jumuiya ilifufuliwa kwa mkataba uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, na bunge lake likafunguliwa miaka miwili baadaye. Ibara ya 50 ndiyo kiini cha mambo. Inasema kila bunge la taifa litachagua wajumbe tisa kutoka nje ya wabunge wake, na kadiri inavyowezekana watoke katika vyama vilivyomo bungeni, na wawakilishe mitazamo mbalimbali, jinsia na makundi maalumu. Soma tena neno hilo: litachagua. Kwa neno hilo moja Kenya ilijikuta mahakamani.

Mwaka 2006 muhula wa kwanza ulikuwa unakwisha. Kwa kanuni ambazo Bunge la Kenya lilijitungia mwaka 2001, vyama vilipeleka majina kwa kamati ya shughuli za Bunge, kamati ikayapitia, na waliopitishwa wakahesabiwa kuwa wamechaguliwa. Hakuna mbunge aliyeshika karatasi ya kura. Pengine mambo yangepita kimyakimya kama miaka mitano iliyotangulia, lakini NARC, muungano uliokuwa ukitawala, ilikuwa imegawanyika vipande baada ya kura ya maoni ya katiba ya 2005, na kutoka upande wake ilifika orodha zaidi ya moja. Walioachwa nje hawakunyamaza. Profesa Peter Anyang' Nyong'o na wenzake kumi wakaishtaki serikali katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, mahakama ambayo mpaka siku hiyo ilikuwa haijapata kazi ya kuisumbua.

Tarehe 27 Novemba 2006, siku chache kabla ya kiapo, majaji walizuia majina ya Kenya yasitambuliwe. Bunge zima la Afrika Mashariki likakwama. Nairobi ikawaka hasira. Iliwataka majaji wawili Wakenya, Moijo ole Keiwua na Kasanga Mulwa, wajiondoe kwenye kesi, na kabla mwezi wa Desemba haujafika kati wakuu wa nchi walikuwa wameurekebisha mkataba: mahakama igawanywe ngazi mbili, na sababu za kumwondoa jaji ziongezwe. Ni nadra kuona wakuu wa nchi za Afrika Mashariki wakienda mbio namna ile. Hukumu ilitoka hata hivyo, tarehe 30 Machi 2007. Majaji walisema Kenya haikufanya uchaguzi wowote kwa maana ya Ibara ya 50, na kanuni zake zinakwenda kinyume na mkataba. Bunge la Kenya likatunga kanuni nyingine, likachagua upya, na katikati ya mwaka 2007 wajumbe wakaapa.

Kwenye orodha hiyo mpya lilikuwamo jina la Abdirahin Haithar Abdi, na wajumbe wenzake wakamchagua Spika. Aliyemtangulia, Abdulrahman Kinana wa Tanzania, aliyewahi kuwa mbunge wa Arusha, naye ni mwenye asili ya Kisomali. Hivyo kuanzia 2001 hadi 2012 rungu la Bunge la Afrika Mashariki lilikuwa mbele ya mtu mwenye asili ya Kisomali, na Somalia yenyewe haijawa mwanachama. Egal alikuwa amefariki mwaka 2002. Sijui kama kuna aliyemsimulia habari za Kinana.

Turudi Bura. Agosti ya kila mwaka wa tano watu wa hapa hukesha na redio na simu. Mpiga kura wa Kenya hupewa karatasi sita: ya rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na MCA, yaani mjumbe wa bunge la kaunti. Za rais huzungumzwa, lakini za MCA huweza kutenganisha mashemeji. Karatasi ya saba, ya Arusha, haipo. Matokeo ya kura ya Arusha hufika Bura kama habari za harusi ya mbali: unasikia imefanyika, unauliza nani alialikwa.

Tarehe 17 Novemba 2022, Bunge la Taifa na Seneti walipiga kura hiyo siku moja, kila nyumba ukumbini mwake. Waliotoka huku na haki ya kupiga kura walikuwa akina Salah Yakub, mbunge wa Fafi. Amina Udgoon Siyad, mwakilishi wa wanawake wa Garissa. Na Abdul Haji, seneta. Utaratibu wenyewe ungemshangaza mzee yeyote wa ukoo. Viti hugawanywa kabla ya kura, kulingana na nguvu za vyama bungeni, na mwaka huo muungano wa Kenya Kwanza ulipewa vitano na ule wa Azimio vinne. Kila upande hupeleka majina mara tatu ya viti vyake, halafu wabunge wote, wako na wa mwenzako, huchagua kutoka orodha zote mbili. Kwa maneno mengine mshindi kati ya vyama hujulikana mapema, na kinachobaki kuamuliwa ni yupi katika watu wako, na mpinzani wako ana kura katika uamuzi huo. Ni kama kumwachia jirani asiyekupenda akuchagulie mbuzi wa kutoa mahari.

Upande wa Azimio walipita Winnie Odinga, Kennedy Musyoka, Kanini Kega na Suleiman Shahbal. Upande wa Kenya Kwanza, Hassan Omar Hassan, David ole Sankok, Zipporah Kering, Godfrey Maina, na Falhada Dekow Iman, aliyekuwa seneta wa kuteuliwa na ambaye chama cha Jubilee kilikuwa kimetangaza kumfukuza mwaka 2021 pamoja na wenzake watano. Ukiitazama orodha hii na ile ya 2017, utaona mazoea ambayo Ibara ya 50 haikuyakusudia. Arusha imekuwa mahali pa kumpumzisha aliyeangushwa Agosti, na pa kumfundishia kazi mtoto wa mkubwa. Wale watatu wa kaskazini wa 2017 wote walikuwa wametoka bungeni mwaka huo huo. Silisemi kwa kuwadharau. Mtu aliyekwisha kutunga sheria anajua zinavyotungwa. Lakini Ulaya, ambako bunge lao la pamoja lilianza vivi hivi, kwa wajumbe waliotumwa na mabunge ya nchi, iliachana na utaratibu huo mwaka 1979, na tangu hapo raia wenyewe ndio wanaopiga kura. Huku kwetu mwenye haki hiyo angali ni mbunge.

Mwaka mmoja baada ya kura hiyo ya Novemba, mambo yalizunguka yakarudi mahali pake pa zamani. Tarehe 24 Novemba 2023, Arusha, wakuu wa nchi waliikubali Somalia kuwa mwanachama. Rais Hassan Sheikh Mohamud alitia saini mkataba wa kujiunga mwezi uliofuata, na Machi 2024 uanachama ukakamilika. Kile ambacho wazee wa NFD walikiomba London mwaka 1962, wakakirudia mbele ya Onyiuke na Bogert, wakakidai kwa kususia kura na wengine kwa bunduki, kimetimia kwa sura ambayo hakuna aliyeiomba: Garissa na Kismayu chini ya bunge moja, na hakuna jiwe la mpaka lililosogezwa. Ndugu wa Mogadishu, ambao huwaita Wasomali wa Kenya kwa jina la sijui, kwa sababu wakiulizwa jambo hujibu kwa Kiswahili, sasa watalazimika kujifunza neno hilo na mengine.

Mogadishu nayo ilichagua tisa wake mwaka 2024. Kabla hawajaapa, malalamiko yakafika Arusha kwamba uchaguzi haukuwa uchaguzi, na mahakama ile ile iliyoisimamisha Kenya mwaka 2006 ikasimamisha kiapo kwa muda. Aliyesoma kesi ya Nyong'o alitabasamu.

Na Liboi? Mei 2023 mawaziri wa Kenya na Somalia walikubaliana kufungua mpaka kwa awamu, Liboi ikiwa mojawapo ya vituo, baada ya kufungwa kwa zaidi ya miaka kumi. Yakatokea mashambulizi, askari na raia wakauawa, na Julai mpango ukasimamishwa, miezi minne kabla ya Somalia kupigiwa makofi Arusha. Mjumbe wa Mogadishu na mjumbe kutoka kaskazini mwa Kenya, wakitaka kukaa meza moja, watapanda ndege. Mtu wa Fafi mwenye shangazi Dhobley, ng'ambo tu ya Liboi, bado anauliza kwanza barabara iko vipi wiki hii.